Kiashiria cha damu na mwelekeo wa saratani ya ngozi

Katika maandishi yetu ya afya, kile ambacho damu humwonyesha daktari kuhusu saratani hupewa majina mengi: alama, dalili, kipimo, bayomaka, kiashiria. Nashikilia kwamba jina linalofaa ni kiashiria, na kwamba kinachoashiriwa kiitwe mwelekeo wa ugonjwa, kuliko utabiri au ubashiri. Uchaguzi huu una uzito wa pekee mahali kama Tlawi, katika nyanda za juu za Mbulu, ambako mzee mwenye kidonda kisichopona anaweza kuelezwa hali yake kwa Kiswahili, kisha aliyemsindikiza akamfafanulia upya kwa Kiiraqw. Neno lisilo na mipaka, likishapita vinywa viwili, hufika likiwa ahadi au hukumu.

Dalili ni kile anachokiona au kukihisi mgonjwa: kidonda, doa jeusi linalotanuka wayoni, mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha. Kipimo ni kazi inayofanyika maabara. Kiashiria ni kitu chenyewe kilichomo katika damu, ambacho kiwango chake huenda sambamba na hali fulani ya ugonjwa, hata kama hakiusababishi wala hakiuthibitishi. Mfano ulio karibu na Watanzania ni CD4, hesabu ya chembe nyeupe za kinga katika damu, ambayo kliniki za tiba na matunzo zimeifanya ijulikane hadi vijijini. Chukua mgonjwa wa UKIMWI mwenye sarkoma ya Kaposi, saratani inayojitokeza kwenye ngozi kwa madoa na vinundu vyeusi au vya zambarau. CD4 haisemi kwamba ana Kaposi, maana wengi wenye CD4 chache hawana saratani hiyo. Hata hivyo, utaratibu wa kuwapanga wagonjwa uliopendekezwa mwaka 1989 uliitia CD4 pamoja na ukubwa wa uvimbe na hali ya mwili kwa jumla, na waliokuwa chini ya 200 wakahesabiwa kuwa hatarini zaidi. Kisha dawa za kufubaza virusi zikaenea, na uzito wa kiashiria hicho katika kupanga wagonjwa ukapungua. Hapa ndipo neno utabiri linapokwama. Tarakimu ileile ya CD4 ilibeba maana nzito kabla ya dawa na nyepesi baada yake, kwa kuwa tangu mwanzo ilionyesha ugonjwa unaelekea wapi iwapo mambo mengine yatabaki yalivyo. Mwelekeo hugeuzwa kwa tiba. Mtu aliyetabiriwa huona hana la kufanya isipokuwa kungoja.

Kwa melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, kiashiria kinachotajwa zaidi ni kimeng'enya cha laktati dihaidrojenesi, ambacho maabara hukiandika LDH. Saratani ikiwa imekwisha kusambaa hadi viungo vya mbali, LDH iliyozidi kiwango cha kawaida huambatana na maisha mafupi zaidi, na mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za melanoma umeitambua tangu toleo la 2002. Lakini LDH imo karibu katika kila seli ya mwili. Malaria inayopasua chembe nyekundu huipandisha, na ini lililoumia vilevile. Hata damu iliyovutwa vibaya kwa sindano, au iliyotikiswa mno njiani kuelekea maabara, huweza kutoa jibu la juu kwa mtu asiye na tatizo lolote jipya. Isitoshe, melanoma ikiwa bado ngozini, LDH haina mengi ya kusema. Unene wa uvimbe kwa milimita, kipimo alichokieleza Alexander Breslow mwaka 1970, husema zaidi, na unene huo haupatikani katika damu: lazima kinyama kikatwe na kuchunguzwa kwa hadubini.

Wapo watakaosema huu ni ubishi wa maneno, mgonjwa anataka tiba. Ningekubaliana nao kama neno lisingeathiri hatua anayochukua. Nchini Tanzania, watu wenye ualbino, ambao makadirio yanayotajwa mara nyingi huwaweka kwenye mmoja kati ya 1,400, wanaandamwa zaidi na saratani ya seli bapa za ngozi. Saratani hiyo haina kiashiria cha damu kinachotegemewa katika huduma za kila siku. Mwelekeo wake husomwa kwenye ukubwa na kina cha kidonda, mahali kilipo, na kama imefika kwenye tezi. Aliyesikia kwamba kuna "kipimo cha damu cha saratani ya ngozi" atapima, ataambiwa damu ni safi, na atarudi shambani chini ya jua ambalo kwenye miinuko kama ya Mbulu huunguza zaidi kuliko pwani, huku kidonda kikizama. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1992 kimejengwa juu ya kazi nyingine kabisa: jicho lililofunzwa kuikagua ngozi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba mwelekeo ni neno la kawaida mno, na istilahi hutaka maana moja. Lakini chanjo ilitokana na kuchanja, na shinikizo lilikuwa la watu kabla halijawa la damu. Matumizi thabiti ndiyo yaliyoyabana maneno hayo. Wengine huhofia kwamba mwelekeo ni njia ya kumficha mgonjwa ukweli. Sivyo. Daktari anaweza kusema wazi kwamba mwelekeo ni mbaya, na mgonjwa akaelewa. Asichoweza kusema kwa haki ni siku ya mtu mmoja, kwa kuwa kila kiashiria kilipatikana kwa kulinganisha makundi ya wagonjwa. Hata vipande vya DNA ya uvimbe vinavyoelea katika damu, ambavyo sasa vinafuatiliwa katika utafiti wa melanoma, havitaondoa mpaka huo. Vikiongezeka baada ya tiba, vinaashiria kwamba saratani huenda inarudi, na hapo mgonjwa anastahili kupigwa picha na kupangiwa hatua inayofuata.