Kabla Ubadilishe Pikapu za Nyuzi Saba, Jua Zilitoka Wapi

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Bro, nimepata gitaa la nyuzi saba la mtumba, niweke pikapu gani?" Kabla nijibu, mtu mwingine ameshadakia: "Weka yenye nguvu zaidi, story iishe!" Hilo jibu lina zaidi ya miaka hamsini. Lilikuwa jibu poa sana mwaka wa 1972. Leo linaweza kukulia doo bure.

Tuelewane kwanza. Pikapu ninayosema sio ile ya kubeba viazi kutoka Kinangop. Ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme: sumaku, na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, uga wa sumaku unavurugika, na umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya ule waya. Huo umeme ndio unaenda kwa amplifaya. Ni kama sikio la gitaa lako. Na seti nzuri kutoka nje, ukiongeza usafiri na ushuru, inaweza kupita kodi ya mwezi ya bedsita kwa mitaa mingi ya Nairobi. Sio kitu cha kununua kwa sababu msee fulani alisema "hii inauma".

Ndio maana nataka turudi nyuma. Pikapu zote tunazozitaja leo zilitengenezwa ili kutatua shida fulani ya mwanamuziki fulani. Ukiijua hiyo shida, utajua kama ni yako.

Shida ya kwanza ilikuwa rahisi: gitaa halikusikika. Miaka ya 1920 na 30 kule Marekani, bendi zilikuwa na ngoma, tarumbeta na saksafoni, na mpiga gitaa alikuwa anaonekana tu akisogeza mikono. George Beauchamp, mwanamuziki wa Los Angeles, aliungana na Adolph Rickenbacker, na kufikia 1932 walikuwa wanauza gitaa la umeme la mtindo wa Hawaii, lile lililopewa jina la utani Frying Pan, yaani kikaango, kwa sababu ya umbo lake. Hataza ya Beauchamp ilikubaliwa 1937. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Gibson walikuwa wametoa ES-150, na Charlie Christian alipojiunga na Benny Goodman mwaka wa 1939 akiwa na gitaa la aina hiyo, watu walisikia gitaa likipiga solo mbele ya bendi nzima kama saksafoni.

Sasa, mwishoni mwa hiyo miaka ya 30, kulikuwa na mpiga jazi mwingine Marekani anaitwa George Van Eps. Yeye alitaka kujipigia besi mwenyewe huku akiendelea na kodi za juu. Akaenda kwa Epiphone, wakamtengenezea gitaa lenye uzi wa saba, ulioshushwa hadi noti ya A ya chini kabisa. Kwa hivyo ukiona mtu anasema nyuzi saba ni uvumbuzi wa hevi metali, mpe pole. Metali ilikuwa bado haijazaliwa. Na Warusi walikuwa na gitaa lao la nyuzi saba karne nzima kabla ya Van Eps.

Hapa kuna hesabu ndogo, usiikimbie. Uzi mnene zaidi wa gitaa la kawaida, ile E ya chini, unatetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Uzi wa saba wa siku hizi, ile B, ni mara 62 hivi. A ya Van Eps ni mara 55. Weka hizo namba kando, tutazihitaji.

Shida ya pili ilikuwa mlio. Koili moja inashika sauti ya nyuzi, lakini pia inashika umeme wa nyumba, taa, na kila kitu kilichochomekwa ukutani, halafu inakutolea ule mngurumo wa "mmmmm". Mwaka wa 1955 Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza ya dawa yake: koili mbili zilizounganishwa kinyume, sumaku zake pia zikielekea kinyume. Sauti ya nyuzi inajumlishwa, mngurumo wa ukutani unajifuta. Hiyo ndiyo hambaka. Hataza ilitoka 1959, na kabla ya hapo Gibson walibandika kibandiko cha kusema hataza imeombwa. Maneno hayo kwa Kiingereza yanafupishwa PAF, na hadi leo wapenzi wa gitaa wanaziita hivyo hivyo.

Rudi kwa zile namba. Umeme wa Marekani unapinduka mara 60 kwa sekunde. B yako ya uzi wa saba ni 62. Yaani mngurumo wa ukuta wao ni jirani wa mlango kwa mlango na noti yako ya chini kabisa. Kwetu Kenya umeme ni mara 50, kwa hivyo ukishusha uzi hadi A, ya 55, au G, ya 49, sisi pia tuna jirani huyo huyo. Gitaa la nyuzi saba bila kinga ya mlio ni shida ya kujitafutia. Ukitaka koili moja kwa sababu unapenda sauti yake, sawa, lakini jua unachochagua.

Sasa tufike 1972. Larry DiMarzio wa New York akatoa pikapu aliyoiita Super Distortion. Ilikuwa na sumaku ya kauri badala ya ile ya aloi iliyozoeleka, na waya mwingi zaidi, kwa hivyo ilitoa umeme mwingi zaidi. Kabla ya hapo pikapu ilikuwa kitu kinachokuja na gitaa, kama injini inavyokuja na gari. Hii iliuzwa peke yake, katoa ile ya zamani ukaweka hii. Mwaka wa 1976 Seymour Duncan akafungua kampuni yake huko Santa Barbara, California, na miaka hiyo hiyo Rob Turner akaanzisha iliyokuja kuitwa EMG, yenye pikapu za kutumia betri ya volti 9. Biashara nzima ya "nibadilishe pikapu gani" ilizaliwa hapo.

Na kwa nini nguvu? Kwa sababu amplifaya za vali za wakati huo hazikuwa na distosheni ya kutosha. Ili ziungue vizuri, ilibidi uzisukume kutoka kwa gitaa. Pikapu kali ilikuwa inafanya kazi halisi.

Lakini wewe wa leo unapiga kupitia nini? Wengi wetu tunachomeka gitaa kwa laptopu au kwa kisanduku kidogo cha dijitali. Ndani mwake kuna distosheni ya kumwaga. Ukiongeza pikapu yenye nguvu kupita kiasi juu ya hiyo, unachopata kwa uzi wa saba mara nyingi ni matope. Noti mbili za chini zikigusana, husikii noti, unasikia lori limekwama Waiyaki Way.

Hiyo ndiyo shida ya tatu, na ndiyo yetu hasa: uzi wa chini usikike kama noti. Mwaka wa 1990 Ibanez ya Japani ilitoa gitaa la Universe, lililobuniwa pamoja na Steve Vai, likiwa na ile B ya chini. Pikapu za nyuzi sita zisingetosha, hata kwa upana tu, kwa hivyo DiMarzio wakatengeneza za saba, Blaze. Kisha Oktoba 1994, ndani ya mwezi mmoja, zikatoka albamu mbili za nyuzi saba zisizofanana hata kidogo. Moja ni ya kwanza ya Korn, vijana wa Bakersfield, California. Nyingine ni Awake ya Dream Theater, na John Petrucci kwa gitaa. Korn walishusha nyuzi zote hadi ile ya saba ikawa A. Ndiyo, ile ile 55 ya Van Eps, miaka zaidi ya hamsini baadaye. Mzee wa jazi aliitumia kutembeza besi, vijana wakaitumia kutikisa ukuta. Petrucci naye alihitaji ridimu nzito lakini pia solo ndefu zinazoimba.

Unaona tatizo la kuuliza "pikapu bora ni gani"? Kwa nani?

Miaka ya 2010 swali likabadilika tena. Misha Mansoor wa Periphery alikuwa anapiga kodi zenye noti nyingi juu ya distosheni nzito, na alitaka kila noti ijulikane. Bare Knuckle, kampuni ndogo ya Cornwall, Uingereza, ikamtengenezea Juggernaut. Seymour Duncan wakaja na jozi ya Nazgûl na Sentient: kali kwa upande wa daraja, ya upole kwa upande wa shingo. Mazungumzo yalishahama kutoka "inapiga kwa nguvu gani" hadi "inatenganisha noti vipi". Lakini huku kwetu bado tunauziana jibu la 1972.

Basi, kabla utume pesa, fanya hivi.

Anza na bure. Chukua bisibisi, shusha pikapu kidogo, hasa upande wa nyuzi nene. Ikiwa karibu sana, besi inafura na sumaku inavuta nyuzi. Weka nyuzi mpya, na uzi wa saba mnene wa kutosha kwa noti unayoshukia. Rekodi kabla na baada. Kama matope yameisha, umeokoa kodi ya nyumba.

Kama bado, pima shimo. EMG 707, ambayo magitaa mengi ya nyuzi saba yalikuja nayo, ina umbo la pembe nne kama pikapu ya gitaa la besi, kubwa kuliko hambaka ya kawaida ya nyuzi saba. Tafuta inayotengenezwa kwa umbo hilo, kwa sababu ya kawaida itaacha pengo.

Kisha angalia ndani. Vile vidude vya kuzungusha sauti kwa EMG za betri ni vya kiloomu 25. Pikapu hambaka zisizo na betri kwa kawaida hutaka 500. Ukihama kutoka moja hadi nyingine bila kuvibadilisha, utalaumu pikapu isiyo na hatia.

Na ukipelekea fundi wa elektroniki pale Luthuli, mpe mchoro. Rangi za waya hazifanani. Kwa Seymour Duncan, mweusi ndio wa sauti, mweupe na mwekundu wanaungwa pamoja. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa sauti, mweusi na mweupe wanaungwa. Kijani kwa zote mbili unaenda ardhini. Fundi anaweza kuwa mkali sana kwa kuchomelea, lakini hawezi kukisia hilo.

Beauchamp alitaka kusikika. Lover alitaka mlio uishe. DiMarzio alitaka vali ziungue. Korn walitaka A. Hakuna kati yao aliyeanza na jina la kidude. Kwa hivyo ukiniuliza uweke pikapu gani, nami nitakuuliza: unashusha hadi noti gani, distosheni yako inatoka wapi, na ni nini hasa husikii? Nijibu hayo matatu, halafu tuongee pesa.