Kwetu njo Panda

Wandugu wa promo, mwaka jana nilisoma The Joy Luck Club, riwaya ya Amy Tan iliyotoka 1989. Ni habari za akina mama waliotoka China na mabinti wao waliokulia Marekani: mama anasema hivi, binti anasikia vile. Nilipoifunga nikajiuliza: juu ya nini niende mpaka San Francisco kutafuta kitu ambacho kiko ndani ya nyumba yetu, hapa Likasi?

Mama yangu ni binti wa Kikasai. Kaku, yaani bibi mzaa mama, alifika hapa kwa treni mwaka 1974, bibi-arusi, akitokea kijiji cha karibu na Mwene-Ditu. Lakini njia ile haikuanza naye. Union Minière, iliyoundwa 1906, mwanzoni ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi, nao walikuwa wanakufa ao wanatoroka. Kufikia 1928 kampuni ilikuwa imebadilisha mawazo: mkataba wa miaka mitatu, na mwanaume aje na bibi yake. Mwaka huohuo reli ya BCK ilifika Ilebo, ikikata Kasai katikati. Bibi wa mfanyakazi alihesabiwa kwa posho, alizalia kwenye maternité ya kampuni, na kwenye foyer social alifundishwa kushona na kupika namna walivyotaka wao. Tusidanganyane, haikuwa huruma. Mwanaume mwenye bibi na watoto hatoroki kirahisi.

Vitabu vingi kuhusu maisha yale vinamtazama mwanaume. Hata profesa Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, ambaye tunamsoma wote, kitabu chake cha 2001 juu ya familia za wafanyakazi alikipa kichwa cha Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Mimi nataka kuuliza habari za mama.

Mama alizaliwa kambini Panda mwaka 1977. Nyumbani Kitshiluba, nje Kiswahili: shuleni, kwenye robinet, kwenye mstari wa posho. Kaku alipika nshima ya unga wa mahindi na wa muhogo, mama akataka bukari kama ya majirani. Na kuna neno moja ambalo mpaka leo linanichekesha. Kwa Kitshiluba «baba» ni mama, na baba ni «tatu». Basi siku moja mama, mtoto wa darasa la kwanza, alimwita kaku «baba!» mbele ya wenzake. Walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile hakumwita hivyo tena hadharani. Anasimulia kama mzaha. Nimemuuliza kaku alisema nini siku ile, hajawahi kunijibu.

Halafu 1992. Muktadha mnaujua: Mobutu alifungua mlango wa vyama vingi Aprili 1990, Gécamines ikaanza kuanguka, na hapa Shaba chama cha UFERI cha Nguz Karl-i-Bond, pamoja na gavana Kyungu wa Kumwanza, kikadai mkoa uwe wa wenyeji wake. Wakasai wakaitwa «bilulu», wadudu. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz. Likasi ikawaka. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia gare na mashule, wakilala chini wiki kwa wiki wakingoja mabehewa. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe, Waluba kwa maelfu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa Élisabethville. Ila hii ya pili iliwapata watoto wasioijua Kasai hata kwa picha.

Mama alikuwa na miaka 15. Anakumbuka gare kwa harufu zaidi kuliko kwa macho. Kaku alifunga sufuria na nguo ndani ya kitenge kimoja, akasema: twende kwetu. Mama akamjibu kwa Kiswahili: «Kwetu njo wapi? Kwetu njo hapa, kwetu njo Panda.» Kaku akamziba mdomo kwa mkono. Lugha ile, mahali pale, siku ile, ilikuwa ni lugha ya wale waliowafukuza. Mama anasema mkono ulimuumiza. Walipanda behewa la mizigo. Mdogo wake wa mwisho hakufika.

Kule Mwene-Ditu kaku alikuwa na ukoo, shamba, na lugha. Mama hakuwa na kitu. Kitshiluba chake cha kambini kiliwachekesha watu, wakamwita Mkatanga. Huku mdudu, kule mgeni. Mwaka 1999 akarudi Likasi peke yake, akaolewa na baba yangu, mtu wa hapa. Kaku alikataa kuja kwenye arusi. Mpaka leo hajakanyaga Katanga, na mama hajanifundisha Kitshiluba, zaidi ya «moyo», ile salamu.

Sasa kaku yuko Mbuji-Mayi, amezeeka. Kiswahili alikijua vizuri, lakini tangu lile behewa hakisemi. Jumapili tunapiga simu, tunaweka oparlé, mama anatafsiri. Kaku anasema dakika mbili nzima, sauti inapanda, inashuka, inakatika. Namuuliza mama: anasema nini? «Anakusalimia.»

Mwezi uliopita niliomba ruhusa ya kurekodi kwa ajili ya mémoire yangu. Kaku alikubali haraka, mama alichelewa kidogo. Alipomaliza kusema nilimuuliza mama swali lilelile, naye akanipa jibu lilelile, kisha akaondoka kwenda kutazama sombe jikoni, wakati sombe haikuwa hata motoni.

Sauti iko kwenye simu yangu, dakika 11. Nina mwenzangu wa home, binti wa Mbuji-Mayi, amekubali kunisikilizia. Nimeshamwambia aje Jumamosi, mama akiwa sokoni. Mara mbili nimemwandikia asije, mara mbili nimefuta ujumbe kabla ya kutuma.