Injini Kuzunguka Bila Kuwaka: Namna ya Kubaini Hitilafu Kabla ya Kununua Vipuri

Gari linapopigwa stata na injini ikazunguka kwa kasi yake ya kawaida bila kuwaka, mmiliki huwa ameshapata taarifa muhimu bila kulipa chochote: betri ina nguvu, stata inafanya kazi na injini haijakwama. Hata hivyo, katika hali hiyo wamiliki wengi huanza kwa kununua betri, kisha plagi, kisha pampu ya mafuta, wakibadilisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi gari liwake. Vipuri vya umeme vikishafungwa kwenye gari, wauzaji wengi hawakubali kuvirudisha, hivyo kila ubashiri usio sahihi ni hasara ya moja kwa moja kwa mwananchi.

Ili iwake, injini ya petroli huhitaji mafuta yenye msukumo wa kutosha, cheche inayotoka kwa wakati wake, hewa inayogandamizwa ndani ya silinda na ruhusa ya kompyuta ya gari. Kimoja kikikosekana, injini itazunguka tu. Kazi ya uchunguzi ni kubaini kilichokosekana, kwa kuanza na kile kinachoonekana au kusikika kwa urahisi.

Kwanza ni mlio wa stata. Mzunguko ulio mzito na wa kusuasua bado unaelekeza kwenye betri, kwani betri iliyopungua inaweza kuizungusha injini lakini ikakosa umeme wa kutosha kwa kompyuta na koili. Betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikishuka chini ya volti 10 wakati stata inapigwa, ishughulikiwe hiyo kabla ya jambo lingine. Mzunguko mwepesi na wa haraka kuliko kawaida, usio na mapigo, ni dalili mbaya zaidi: huenda mkanda wa taimingi umekatika. Hapo stata isipigwe tena, kwa kuwa katika baadhi ya injini pistoni hugonga valvu na kuzipinda. Si kila gari lina mkanda huo. Toyota IST, kwa mfano, hutumia mnyororo, ilhali Toyota Raum ya toleo la kwanza hutumia mkanda. Magari mengi yaliyotoka Japani huwa na stika kwenye chumba cha injini inayoonesha kilomita ambazo mkanda ulibadilishwa, na inafaa kuisoma siku gari linaponunuliwa.

Pili ni dashibodi. Taa yenye alama ya ufunguo au kufuli ikiendelea kumweta baada ya swichi kufunguliwa, yawezekana gari halijautambua ufunguo. Ufunguo wa magari mengi ya sasa una kijisahani cha kielektroniki, na ufunguo uliochongwa mtaani bila kijisahani hicho huzungusha injini tu. Ujaribiwe ufunguo wa akiba kabla ya kumwita fundi. Uangaliwe pia mshale unaoonesha mizunguko ya injini: katika magari mengi husogea kidogo stata inapopigwa. Ukibaki sifuri kabisa, sensa ya kranki inafaa kushukiwa, hasa kama gari huzima likiwa na joto na kuwaka tena likipoa.

Tatu ni mafuta, na hapa ndipo penye mambo mengi. Geji hukosea, hivyo kuongeza lita chache si aibu. Swichi ikifunguliwa bila kupiga stata, katika magari mengi husikika mvumo mfupi wa pampu kutoka upande wa tenki. Ukimya peke yake hauthibitishi kuwa pampu imekufa, kwa sababu yapo matoleo ya Toyota ambayo pampu haianzi mpaka injini izunguke. Msaidizi asikilize tenki huku mwingine akipiga stata. Kabla ya kuilaumu pampu, zikaguliwe fyuzi na rilei yake. Rilei inaweza kubadilishana kwa muda na nyingine ya aina ileile kwenye kisanduku hichohicho, mara nyingi ile ya honi, na jaribio hilo halina gharama.

Wenye magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia, ambao wanaongezeka Dar es Salaam, wana sababu yao ya pekee. Mifumo mingi ya aina hiyo huwasha gari kwa petroli kwanza, kisha huhamia kwenye gesi injini ikishapata joto. Baadhi ya madereva huacha tenki la petroli likaribie kukauka kwa kuwa wanatembelea gesi siku nzima. Pampu ya petroli hupozwa na petroli iliyomo tenkini, na katika baadhi ya ufungaji huendelea kuzunguka hata gari likiwa kwenye gesi. Ikizunguka pakavu huungua. Asubuhi inayofuata gari hupiga stata bila kuwaka, na gesi hulaumiwa bure. Kubakiza angalau robo ya tenki ni nafuu kuliko pampu.

Kama gari lilikataa muda mfupi baada ya kujazwa mafuta, wakati na kituo vinafaa kukumbukwa. Maji ndani ya mafuta, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, huweza kuleta hali hiyo. Tatizo hilo si geni nchini; neno uchakachuaji lilienea midomoni mwa watu kupitia mafuta kabla halijahamia kwenye mambo mengine. Tangu mwaka 2010 mafuta yanayouzwa nchini yamekuwa yakiwekewa vinasaba ili kudhibiti udanganyifu, na katika mwaka wa fedha 2011/12 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Mwenye shaka atunze stakabadhi ya kituo na sampuli ya mafuta kwenye chombo safi, kisha awasilishe malalamiko EWURA. Malalamiko yasiyo na stakabadhi ni vigumu kuyafuatilia.

Harufu kali ya petroli baada ya kupiga stata mara nyingi inaonesha kinyume chake, yaani mafuta yanafika ila hayaungui. Katika magari mengi ya mfumo wa nozeli, kukanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho wakati wa kupiga stata hukata mafuta na kuruhusu silinda zikauke. Injini ikikataa hata hapo, uchunguzi uhamie kwenye plagi na koili.

Kwa magari ya dizeli, ambayo hayana cheche, hushukiwa hewa iliyoingia kwenye mfumo, hasa baada ya kubadilisha chujio au kuishiwa mafuta, pamoja na maji kwenye chujio. Katika maeneo ya baridi kama Makete, Njombe na Mbeya, miezi ya Juni na Julai huongeza sababu nyingine: plagi za kupasha joto zilizochoka. Taa yake isubiriwe izimike kabla ya stata kupigwa.

Lipo kundi moja ambalo halipaswi kupigwa stata hata kidogo, nalo ni magari yaliyozimika ndani ya maji. Wakazi wa Dar es Salaam wanaopita Jangwani wakati wa mvua wanaifahamu hali hiyo. Maji yakiingia kwenye silinda kupitia njia ya hewa hayagandamiziki, na kulazimisha mzunguko kunaweza kupinda vyuma vinavyoshika pistoni. Gari livutwe, chujio la hewa likaguliwe, na likikutwa limelowa fundi atoe plagi kwanza ili maji yatoke. Tofauti kati ya kazi hiyo na kununua injini nyingine inaweza kuwa ni kujaribu stata mara moja tu.

Baadhi ya mazoea ya barabarani ni ya hatari. Kumimina petroli kwenye njia ya hewa kumesababisha moto. Kuchomoa waya wa plagi ili kuona cheche karibu na mvuke wa petroli ni hatari vilevile, na katika magari yenye koili juu ya kila plagi kunaweza pia kuharibu kompyuta. Kusukuma gari ambalo stata yake inazungusha injini vizuri hakuongezi kitu, na gari la gia za kujiendesha haliwashwi kwa kusukumwa. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, na ipumzishwe dakika moja kabla ya kurudia. Gari likiwa barabarani, abiria washuke upande ulio mbali na magari yanayopita, na ziwekwe pembetatu za kuakisi mwanga badala ya matawi ya miti ambayo usiku hayaonekani.

Baada ya hapo fundi huhitajika, na vema awe na mashine ya kusoma hitilafu. Msimbo wa hitilafu hutaja eneo lenye tatizo, si kipuri cha kununua: msimbo wa sensa ya kranki unaweza kutokana na waya uliokatwa na panya. Fundi aulizwe amepima nini na amepata kipimo gani kabla ya kuagiza kifaa. Kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenye gari, na dukani idaiwe risiti ya EFD. Anayeuziwa kipuri bandia anaweza kufikisha lalamiko lake Tume ya Ushindani (FCC), akiwa na risiti hiyo pamoja na boksi la kipuri.