Risasi, Ganda na Fataki: Funzo la Risasi za Zamani za Mashindano

Mfasiri akikutana na sentensi isemayo kwamba risasi imekwama katika bunduki, atajuaje ni kitu gani kilichokwama? Huenda ni ganda tupu lililogoma kutoka, jambo ambalo ni usumbufu tu. Huenda pia ni kile kipande cha madini kilichokosa nguvu ya kutoka na kubaki ndani ya mtutu. Na hapo mtu akifyatua mara ya pili, mtutu waweza kupasuka. Kiswahili cha leo aghalabu hutumia neno moja kwa yote mawili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haikuwa hivyo tangu awali, na kwamba upungufu huo hudhihirika zaidi tunapochunguza jinsi ya kupima ubora wa risasi za zamani za mashindano ya shabaha, zile zenye fataki ukingoni.

Neno risasi tulilipata katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni yale madini mazito na laini. Enzi ya gobori, vitu vya bunduki vilishikwa mbalimbali na kuitwa mbalimbali: baruti ilishindiliwa kwanza, kisha risasi au marisau, na fataki ilivikwa nje, ipigwe na nyundo. Bunduki ya gumegume haikuwa hata na fataki, bali jiwe la kutoa cheche. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida chini ya masharti. Hivyo bunduki za kushindilia zilidumu kwetu muda mrefu, na msamiati wake ukadumu nazo.

Wakati huo Ulaya na Marekani zilikwisha kuviunganisha vitu hivyo. Mwaka 1845 Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alitia kidonge cha risasi katika kifuko cha fataki, pasipo baruti yoyote. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa risasi ndogo yenye ganda la shaba, baruti ndani, na fataki iliyosambazwa katika ukingo wa kitako. Mwaka 1887 kampuni ya Stevens ya Marekani ilileta ile iitwayo .22 Long Rifle, yenye kipenyo cha milimita 5.6 na kichwa cha gramu 2.6 hivi. Aina hii ndiyo itumikayo hata leo katika mashindano ya meta 50. Kwa kuwa kitu kizima sasa kilinunuliwa kikiwa kimefungwa, jina la sehemu moja lilitosha kukiita chote. Ndipo risasi ikawa jina la madini, la kichwa, na la kitu kizima.

Lakini uzee hautazami jina. Kila sehemu huzeeka kwa namna yake. Kichwa cha risasi hupakwa nta au mafuta. Yakikauka, mtutu huchafuka na shabaha hupotea. Madini yenyewe huota unga mweupe. Ganda huweza kupata nyufa. Fataki ilitiwa ikiwa mbichi na kukaukia ukingoni. Kwa unyevu au mitikisiko huweza kudhoofu au kumeguka, ikaacha sehemu ya ukingo tupu. Fataki za kale zilikuwa na zebaki, ambayo hudhoofisha shaba, au kemikali iliyoacha chumvi ya kutia mtutu kutu. Zile zisizotia kutu zilienea kuanzia miaka ya 1920. Kwa hiyo mpimaji hutaka kwanza kujua risasi zake ni za miaka gani.

Hatua ya pili ni macho: hutazama unga mweupe, nta, nyufa, na kama kichwa kimelegea gandani. Ya tatu ni mizani, maana tofauti kubwa za uzito ni dalili ya utengenezaji usio sawa. Ya nne ni kasi. Risasi za mashindano hutengenezwa ziende chini kidogo ya kasi ya sauti. Ikiwa moja yaenda meta 325 kwa sekunde na nyingine 335, basi kwa meta 50 zitapishana yapata milimita 7 kwenda juu au chini, hali duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4 tu. Ya mwisho, na iliyo hakimu wa zote, ni kufunga mtutu imara, kupiga kumi kumi na kupima mtawanyiko wa matundu. Risasi iliyopimwa hivyo imekwisha. Yajulikanayo ni ya wenzake wa fungu lile lile la kiwanda. Kwa sababu hiyo nambari ya fungu iliyopigwa chapa kwenye kisanduku ina thamani kuliko sifa zilizoandikwa juu yake.

Sasa jaribu kuyafasiri maelezo hayo kwa neno risasi peke yake. Tutapata «risasi ya risasi yenye risasi katika fataki», kwa maana fataki nyingi za sasa zina kampaundi ya madini hayo hayo. Na hatari si ya kuchekesha. Fataki iliyochelewa kulipuka si sawa na isiyolipuka kabisa: aliyeambiwa tu kwamba «risasi ni mbovu» atafungua bunduki mara moja, badala ya kungoja walau nusu dakika huku mtutu ukielekea mahali salama.

Hatuhitaji kukopa. Risasi na ibaki jina la kitu kizima, kama umma unavyolitumia. Kichwa cha risasi kiwe kile kirukacho. Ganda, baruti na fataki vibaki na maana zao za zamani. Madini yaitwe madini ya risasi. La kuongeza ni ukingo tu, tupate «risasi ya fataki ukingoni» kando ya «risasi ya fataki kati». Mwenye gobori alivijua vitu vyake kimoja kimoja kwa sababu alivishika kwa mkono. Mfasiri havishiki, lakini asomaye kazi yake huenda amevishika.