Nguo Nyekundu Mbele ya Mlango

Mwaka wa 458 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, watu wa Atene walikusanyika kwa sikukuu ya Dionysus, mungu wao wa divai, wakatazama michezo mitatu ya huzuni iitwayo Oresteia. Mtunzi wake, Aeschylus, alijua kuficha maana kubwa ndani ya kitu kidogo. Tutazame kimoja tu: nguo.

Mfalme Agamemnon arudi kutoka vita vya Troia. Mkewe Clytemnestra aamuru zitandikwe mlangoni nguo za rangi ya damu, rangi ya thamani itokayo katika konokono wa baharini. Mfalme asita: heshima hiyo, asema, ni ya miungu. Lakini mke amshinda kwa maneno. Mume avua viatu, azikanyaga, aingia. Ndani, mahali pa kuogea, mke amfunika vazi lisilo na tundu la kutokea, kama wavu wa samaki, amwua. Kwa nini? Kwa sababu Agamemnon alimtoa binti yao Iphigenia kuwa sadaka, apate upepo wa kwenda vitani.

Wavu huo haukumnasa mfalme peke yake. Mwana wao Orestes amlipiza baba kwa kumwua mama. Halafu Erinyes, miungu wa kike wa kisasi, wamfukuza yeye. Kila mmoja asema: Haki ni yangu. Na kila mmoja anaswa.

Nani ataukata wavu? Mungu wa kike Athena aweka baraza la waamuzi juu ya kilima cha Areopago. Kura ziko sawasawa, naye Orestes aachiliwa. Erinyes wapewa makao na heshima mjini, na nguo nyekundu zatolewa kwa ajili yao. Rangi ile ile ya damu yawa rangi ya amani!

Watu wa Atene walielewa vema. Mwaka wa 461 mkubwa wao Ephialtes, aliyelipunguzia baraza hilo nguvu na kuliachia hasa hukumu za mauaji, aliuawa kwa siri.

Areopago ndipo Mtume Paulo alipohubiri ufufuko. Baraza laweza kuzuia mkono. Nani atautuliza moyo? Bwana wetu naye alivikwa vazi jekundu na askari, akawaombea msamaha waliomsulubisha. Basi, ndugu, jamaa yako akidhulumiwa, kabla hujashika panga, tazama vema: ni haki unayoishika, au ni wavu?