Uvimbe wa Taya na Jeni Iliyohama Makwao

Kwenye vibaraza vyetu vya Mchafukoge maneno hayakosi wasemaji, na siku hizi nasikia hili likirudiwa: saratani ni ugonjwa wa wazee na wenye pesa. Leo nawaletea historia ya saratani inayoshika watoto wadogo, wengi wao wa maskini, na ambayo ilitambuliwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, hakujua ni nini. Baada ya majuma machache, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto wa kike mwenye uvimbe ule ule. Akarudi kufukua majalada ya hospitali, akakuta wengine kadhaa walioandikiwa magonjwa ya majina mbalimbali. Mwaka 1958 akachapisha taarifa yake.

Mwezi Oktoba 1961 alinunua gari kuukuu la Ford, akachukua madaktari wawili wa misheni, wakashika njia kutoka Kampala kwenda kusini mwa Afrika, wakapita Tanganyika. Maili 10,000 kwa majuma 10, na kila hospitali swali ni moja: uvimbe huu mmepata kuuona? Majibu akayatia kwenye ramani. Penye joto na mvua ya kutosha ulikuwapo, na kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuwapo. Kwa maneno mengine, ulikaa panapokaa mbu.

Sisi wa Mchafukoge habari za mbu na ramani tunazijua. Uwanja wa Mnazi Mmoja, tunaouvuka kwenda Kariakoo, wakoloni waliuacha wazi kutenga makazi ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu, na sababu waliyoipamba ni afya, yaani malaria. Sijui mbu waliambiwa na nani wasivuke.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mbu anabeba kirusi cha saratani hiyo. Mwaka huo huo wa 1961 Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe viletwe kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege moja kutua Manchester. Kipande kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka, mtu mwingine angekitupa. Epstein akaweka tone chini ya darubini, akaona chembe hai zinaelea. Kutokana na chembe hizo, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza mwaka 1964 kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Lakini kumbe kirusi hicho hakihitaji mbu. Huambukizwa kwa mate, na zaidi ya watu tisa katika kila kumi duniani wanacho. Mbona basi wachache tu huugua?

Jibu likatafutwa ndani ya chembe zenyewe. Mwaka 1972 George Manolov na Yanka Manolova waliona kwamba katika uvimbe huu kromosomu ya 14 ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 ikajulikana kipande hicho kimetoka kromosomu ya 8, na mwaka 1982 jeni iliyosafiri nacho ikatajwa: MYC. Jina limetokana na kirusi kinachowapa kuku saratani, ambamo jeni ya aina hiyo ilionekana kwanza. (Wauza kuku wa Kisutu msinijie juu, hakuna anayepata uvimbe huu kwa kula kuku.)

MYC si mgeni mwilini. Kila mmoja wetu anayo. Kazi yake ni kutengeneza protini inayoshikamana na mwenzake aitwaye MAX, kisha kuamsha jeni nyingi zinazoiamuru chembe ikue na igawanyike. Kwa kawaida protini hiyo hudumu kama nusu saa tu, ikavunjwa, na chembe ikapumzika. Tatizo ni pale jeni inapohama na kupangishwa jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili. Huko swichi haizimwi, maana chembe za kingamwili kazi yao ni kutengeneza kingamwili mchana na usiku. Chembe inagawanyika bila kuambiwa basi.

Malaria inaingia hapa. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara hulazimisha chembe hizo kukata na kuunga jeni zake ili kuboresha kingamwili, na katika kukata kwingi hutokea kuunga kubaya. Chembe iliyoharibika ilipaswa kufa, lakini kirusi cha Epstein-Barr huisaidia kuishi.

Kwetu jambo hili lilipimwa. Kati ya 1977 na 1982, huko North Mara, watoto chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini. Malaria ilipungua, kisha vijidudu vikaizoea dawa, ikarudi. Saratani ya taya nayo ilipungua, ila kupungua kwake kulianza kabla ya dawa kugawiwa, na watafiti, kwa uungwana, hawakudai ushindi kamili.

Ninachowaombea wazazi ni muda. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Meno ya mtoto hulegea, na wengi humpeleka kung'olewa jino, au kwa mganga atafutwe aliyemroga, majuma yakapita. Nao ni katika saratani zinazosikia dawa upesi sana. Burkitt mwenyewe, katika miaka ya 1960, aliona uvimbe ukinywea kwa dawa chache tu za sindano. Leo watoto wenye saratani hutibiwa Muhimbili, na kinachothibitisha ugonjwa ni kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kuangaliwa kwa darubini. Mtoto akivimba taya Ijumaa hii, na Ijumaa ijayo likawa limezidi, mwombeni daktari kipimo hicho kabla jino halijang'olewa.