Saini Nyuma ya Picha

Mwaka 1929 Mmarekani Charles Sheeler alisimama na kamera yake nje ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa. Katika mojawapo ya picha alizopiga huko, hakuna minara wala sanamu za watakatifu. Kuna matao ya mawe yanayoegemeza kuta kutoka nje, na vivuli vyake.

Miaka miwili kabla, Sheeler alikuwa amekodiwa kupiga picha kiwanda cha Ford cha River Rouge, karibu na Detroit. Aliyatazama matao kwa jicho lilelile alilotazamia mitambo: uzito unatoka wapi, unaelekea wapi. Matao hayo hupokea msukumo wa dari, ndiyo maana kuta ziliweza kutobolewa madirisha makubwa ya vioo vya rangi.

Picha ya aina hii inapopelekwa mnadani, wanunuzi huuliza ilisafishwa lini. Nakala iliyosafishwa karibu na siku ya kupigwa huthaminiwa kuliko iliyotolewa miongo kadhaa baadaye kwa filamu ileile. Kisha huigeuza kutafuta saini.

Hapo ndipo ninaposita. Kanisa la Chartres lilijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1194, na majina ya mafundi wakuu walioyapanga mawe yale hayakuhifadhiwa. Leo kazi yao inauzwa kwa jina la aliyeitazama. Simlaumu Sheeler, alitufundisha kuyaona matao. Ila nyuma ya karatasi ile, pembeni ya saini yake, naona nafasi kubwa iliyobaki tupu.